Chumba Ambacho Mkaguzi Hakukiona

Usiku ule wa kimbunga nilihesabu watoto wangu mara sita. Walikuwa watatu, wote ndani, wote wakubwa wa kuweza kujihesabu wenyewe, lakini mimi ndivyo nilivyo. Nikimaliza watoto nakagua milango, nikimaliza milango narudi kwa watoto. Mume wangu Sulaiyim alikuwa amekaa chini karibu na dirisha la jikoni na simu mkononi. Tangu magharibi simu haikuwa na mtandao, na umeme ulikatika kabla ya isha.

Dada yake, Zayana, alikuwa upande wa pili wa wadi. Wadi ni ule mto mkavu unaokikata kijiji chetu katikati, ambao siku zote watoto huchezea mpira ndani yake na mbuzi hulala humo. Zayana alikuwa peke yake na mama mkwe wake, Bibi Moza, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia mwaka wa nne sasa.

"Piga tena," nikamwambia Sulaiyim.

"Napiga nini? Hakuna mtandao."

"Piga hivyohivyo."

Akapiga. Hakupata kitu. Nje upepo ulikuwa umelegea, na hapo ndipo tulipoisikia wadi. Haikuwa sauti ya maji. Ilikuwa sauti ya mawe, kama malori mengi yanamwaga kokoto mahali pamoja na hayamalizi. Sulaiyim akasimama, akavaa viatu, akafika mlangoni, akarudi akavua. Alifanya hivyo mara nne. Mara ya nne nikauweka ufunguo wa mlango kifuani mwangu.

"Una watoto hapa," nikamwambia.

"Na yule ni nani? Si mtoto wa mama yangu?"

Nilijua akitoka nitakuwa na watu wawili wa kungojea habari zao badala ya mmoja.

Habari zilikuja baada ya alfajiri. Msikiti wa ng'ambo una kipaza sauti cha betri, na muadhini wa kule, baada ya kusalisha watu wawili watatu waliofika, alipanda na tochi mpaka juu ya mnara akaanza kuangalia mapaa ya nyumba. Kila aliyemwona alimtaja. Sisi wa huku tulisimama kandokando ya maji tukisikiliza, kila mmoja akingojea jina la mtu wake. Alitaja nyumba tisa kabla hajafika kwa wifi yangu.

"Nyumba ya Zayana binti Ghasib. Watu wawili. Juu ya paa. Wazima."

Sulaiyim alikaa kwenye tope na kanzu yake nyeupe.

Baadaye Zayana alinisimulia alivyompandisha bibi. Maji yalipopita magoti alimfunga mgongoni kwa shela mbili, kama mtu anavyombeba mtoto, akapanda ngazi kumi na nane akishika ukuta. Bibi Moza alikuwa anamgombeza njia nzima kwa sababu alikuwa ameacha fimbo yake chumbani.

"Nikamwambia, mama, fimbo ya nini na wewe hutembei? Akasema, ya kumpigia atakayeniibia kitanda."

*

Niseme kidogo Zayana ni mtu wa namna gani, maana watu wa ng'ambo wanamtaja kwa jambo moja tu, la tope, na yeye ni zaidi ya hilo.

Aliolewa na dereva wa lori la maji. Mume akafa barabarani, akamwachia mama yake mzazi na chumba kimoja cha uani katika nyumba ya ukoo. Katika chumba kile Zayana alikaa miaka kumi na sita. Anashona kofia za wanaume, zile za vitobo vidogovidogo, na kofia moja nzuri inamla mwezi na zaidi. Ukimtembelea anakusikiliza huku macho yake yako kwenye sindano. Akitaka kukutania hainui kichwa.

"Wifi, leo umehesabu milango mingapi?"

"Minne."

"Na wa tano? Ule wa mdomo wako, nani anaufunga?"

Ndiyo maneno yetu. Yeye ni dada wa mume wangu, ana haki ya kunitania mpaka tuzikwe.

Serikali ilipogawa viwanja kwa kura, Zayana alipata chake upande wa chini, karibu na wadi. Sulaiyim alifurahi, akasema wadi haijafika pale tangu enzi za babu. Zayana hakumbishia. Alikwenda mwenyewe na fimbo, akakizunguka kiwanja, akachimbua hapa na pale, kisha akatuletea jiwe moja jikoni kwangu. Lilikuwa la mviringo, laini kama yai, kama mawe ya ndani ya wadi.

"Hili limefika pale kwa miguu?" akauliza.

Basi akajenga juu ya msingi wa ngazi mbili. Benki iliyomkopesha ilimtaka akate bima ya nyumba, akachagua ile ya takafuli ambayo watu wanachangiana, ili kaka yake asipate la kusema kuhusu riba na kamari. Karani alimwambia mafuriko hayamo, ni nyongeza. Akalipa nyongeza. Alishona kofia mbili za ziada kila mwaka kwa ajili ya nyongeza hiyo.

"Unamlipa mtu akuombee balaa," Sulaiyim alimcheka.

"Namlipa asinikimbie likija."

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ukumbi, jiko, na mbele majlisi, chumba cha kupokelea wageni wanaume, chenye mlango wake wa nje. Kutoka majlisi kwenda ndani kulikuwa na mlango wa mbao nzito. Majlisi aliiwekea vigae vya kung'aa kutoka chini mpaka usawa wa bega, kwa sababu alisema mgeni akiegemea ukuta asitoke na chokaa mgongoni. Bibi Moza alipewa chumba cha mashariki, penye dirisha la kuona mti wa mkunazi. Siku ya kwanza alipolazwa pale aliushika mkono wa Zayana akamwambia, "Hapa ndipo nitakapofia. Usinihamishe tena." Zayana akamwahidi.

*

Siku ya tatu baada ya kimbunga walikuja watu wa bara, wa miji ya mbali na pwani. Hakuna aliyewaita. Walikuja na magari yao, majembe, pampu na mapipa ya maji safi, vijana na wazee, wengine walikuwa wamelala njiani. Waliingia kila nyumba ya ng'ambo wakatoa tope bila kuuliza jina la mtu. Kwa Zayana walianza na ua, wakaja majlisi, kwa kuwa majlisi ndiyo uso wa nyumba. Walikokota tope, wakamwaga maji, wakasugua vigae mpaka vikarudi kung'aa. Walipofika kwenye mlango wa ndani wakasimama. Huko ni kwa wanawake. Mkubwa wao alimwita Sulaiyim, akamwambia, "Huku tumemaliza. Ndani mtajua wenyewe."

Sulaiyim aliwashukuru, wakaenda nyumba ya pili.

Ndani kulikuwa vilevile kama maji yalivyopaacha. Tope la kiwiko, kabati limelala kifudifudi, magodoro yamevimba. Na kwenye kuta zote mstari wa kahawia, umenyooka kama umepigwa na fundi, ukinifika kifuani. Mimi na Zayana tulianza na ndoo mbili. Siku ya kwanza tulitoa tope la jikoni. Ya pili homa ikamkamata.

Siku hiyohiyo kampuni ya bima ikapiga simu. Mkaguzi angefika kesho asubuhi.

Hapa nataka nieleze sawasawa, nisijipunje wala nisijipendelee. Mgeni anakuja, tena kutoka mji mkuu, tena kwa jambo la heri. Nani atampokea kwenye chumba kitupu? Nilimtuma Sulaiyim kwenye gari na mito yangu yote ya majlisi, ile myekundu, na busati langu, na birika. Nilichoma ubani na udi mpaka harufu ya wadi ikafa. Nilipanga tende, halua, machungwa yaliyomenywa. Zayana alikuwa amekaa ukumbini kwenye ndoo iliyopinduliwa, amejifunika blanketi, anatetemeka. Nguo zake zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, na zote mnazijua, za nje na za ndani.

"Wifi," akaniambia, "akija mwache aingie. Nitavaa baibui nikae pembeni."

"Aingie wapi?"

"Humu. Aone."

"Mwanamume asiyekuhusu aingie chumbani kwako? Akute sidiria zinapepea kama bendera?"

"Toa nguo basi."

"Nizipeleke wapi, juu ya tope? Tulia. Kaka yako yuko, atamweleza. Mtu mzima anaelezwa akaelewa."

Alitaka kusema tena, lakini meno yalikuwa yanagongana. Gari liliposimama nje nikaufunga mlango wa ndani. Nikageuza ufunguo kwa ndani, nikauweka mfukoni. Sikufikiri. Mkono wangu ulikwishazoea.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye adabu, Munthir jina lake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikasikia kila neno. Waliulizana habari kama desturi. Za safari, kheri. Za wazee, kheri. Za mji, kheri. Kisha akauliza, "Na habari za kimbunga?"

Mume wangu, ambaye siku tano hakuwa amelala, akajibu kama alivyojibu baba yake na babu yake, "Hakuna ila kheri, alhamdulillahi. Mungu ametulinda."

"Maji yaliingia?"

"Yaliingia kidogo. Vijana wa bara, Mungu awape, wamesafisha."

"Na ndani?"

"Ndani kuna familia."

"Samahani," yule kijana akasema haraka, na nikamsikia anakohoa kwa haya. Hakuuliza tena. Alikunywa vikombe vitatu vya kahawa, akasifu halua, akapiga picha kuta zinazong'aa na mito yangu mikavu. Akatoa karatasi. Sulaiyim hakuisoma. Mtu amekunywa kahawa yako, ataona vipi ukianza kupekua karatasi yake mstari kwa mstari mbele ya macho yake? Akasaini mahali alipoonyeshwa kidole.

Gari lilipoondoka nikafungua, nikageuka. Zayana alikuwa bado kwenye ndoo.

"Amesemaje?"

"Ameridhika," nikasema.

*

Tuliwahamishia kwangu, yeye na Bibi Moza, chumba cha uani. Kwa mara nyingine tena, chumba cha uani. Zayana alipoingia aliangalia dari, akaangalia dirisha dogo linalotazama banda la mbuzi, akacheka kidogo.

Wiki ya tatu majibu yakaja kwenye simu. Binti yangu mkubwa ndiye aliyeyasoma. Kampuni ingelipa riale mia moja na themanini kwa ajili ya usafi wa chumba cha wageni, kwa kuwa maji yaliingia chumba hicho tu, kiasi cha vidole vinne, na samani hazikuharibika.

Zayana akaomba simu. Akapiga, akakaa kitako sakafuni, akaiweka kwa sauti ili wote tusikie.

"Dada yangu," karani akasema, "ripoti ninayo hapa mbele. Inasema samani zimeonekana kavu."

"Samani gani?"

"Mito ya majlisi. Myekundu. Ipo kwenye picha."

"Hiyo ni ya wifi yangu. Ililetwa kwa gari asubuhi ile."

"Kwa nini?"

"Ili mkaguzi wenu asikae kwenye tope."

"Lakini dada, alikuja kuliangalia hilo tope."

Nilikuwa nimeshika kisu na kitunguu, nikaendelea kuvishika.

"Kaka yako amesaini kwamba hakuna madhara mengine," karani akasema.

"Kaka yangu alisaini kahawa. Mje tena. Ndani kuna mstari unaofika hapa." Akajigusa kifua, kana kwamba yule anamwona.

Simu zilikwenda na kurudi siku nyingi. Sulaiyim alisafiri mara mbili mpaka mji mkuu, akakaa kwenye viti vya plastiki, akarudi. Alikuwa hanitazami usoni, na mimi sikumtazama, maana kila mmoja alijua lake. Mwishowe wakakubali. Mkaguzi wa pili atakuja. Akikuta alama ya maji ndani imepita nusu mita, watalipa nyumba nzima kama hati inavyosema. Lakini kazi zilikuwa nyingi, nyumba zilizoharibika pwani nzima ni maelfu, angojee zamu. Na sharti moja: mpaka siku hiyo ndani pasiguswe. Pasioshwe, pasikwanguliwe, pasipakwe rangi. Majlisi ilishaoshwa mara moja, wakasema, na hiyo ndiyo iliyoleta matatizo yote.

Jioni ile Zayana alikwenda ng'ambo, akaufunga mlango wa ndani wa nyumba yake, akarudi na ufunguo. Akaniwekea mkononi.

"Kaa nao wewe," akasema. "Wewe ndiye fundi wa kufunga."

Hakuwa anatania. Alikuwa amenitazama, hana sindano mkononi.

*

Bibi Moza alianza kukohoa mwezi wa pili. Daktari alisema ni unyevu wa usiku ule wa paani, umekaa kifuani. Alimpa dawa. Bibi alikuwa na akili zake timamu, kosa lake ni hilo. Angekuwa amesahau mambo ingekuwa nafuu.

"Mwanangu," alikuwa anamwambia Zayana kila asubuhi, "leo tunarudi?"

"Bado, mama. Nyumba haijakauka."

"Mimi nimekauka. Nirudishe."

"Wiki ijayo."

"Ulisema wiki ijayo wiki iliyopita. Unadhani mbuzi hawa wananihesabia siku? Nazihesabu mwenyewe."

Zayana alikuwa anamkanda kifua kwa mafuta, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha anatoka anasimama uani, uso ukutani. Siku moja nilimfuata.

"Wifi, nisikilize," nikamwambia. "Tusafishe chumba kimoja tu. Kile cha mashariki. Mimi na wewe, siku mbili. Tupake chokaa, tuweke kitanda, alale anapopataka."

"Na mkaguzi?"

"Vyumba vingine si vitabaki?"

"Wamesema pasiguswe. Nikigusa kimoja watasema nimegusa vyote. Watasema mstari nimeuchora mwenyewe kwa chai." Akageuka. "Riale mia na themanini, wifi. Benki inataka yake kila mwezi, nyumba iwe na tope au iwe na marashi. Nisipolipwa naiuza, na nani atanunua tope? Nitamrudisha bibi siku mbili, halafu nimpeleke wapi? Nirudi naye hapa? Mara ya tatu?"

"Anaweza asifike zamu ya mkaguzi."

"Najua."

"Ulimwahidi."

"Najua nilichomwahidi. Wewe usiniambie." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ungemwacha yule kijana akaziona sidiria, sasa hivi bibi yuko chumbani kwake anamgombeza fundi."

Ni mara moja tu alinisema. Nadhani nilisema nakwenda kuangalia wali jikoni.

Usiku nilikuwa nauweka ule ufunguo chini ya mto. Mara mbili niliamka nikauvaa kidoleni, nikafikiri nivuke wadi mwenyewe na ndoo, nifanye kazi mpaka asubuhi, halafu na waseme watakalo. Sikwenda. Nyumba haikuwa yangu, na kosa moja nilishalifanya kwa nyumba isiyo yangu.

Bibi Moza alifariki Jumatatu, baada ya adhuhuri, mbuzi wakilia. Alikuwa anamwuliza Zayana kama ile fimbo imepatikana. Zayana akamwambia ipo, iko palepale chumbani kwake. Bibi akasema, "Basi usiwaruhusu waichukue." Baada ya hapo hakusema tena.

Tulimwosha hapohapo uani. Zayana alifanya kila kitu kwa mkono wake, hakutaka mtu amsaidie ila kumwagia maji. Wakati wa kumtoa, mmoja wa wanawake, mtu wa kupenda maneno, alimwuliza, "Mbona mama wa watu amefia kwa watu, na yeye ana nyumba?" Nilimtoa yule mwanamke nje kwa kumshika kiwiko.

Siku ya tisa baada ya maziko simu ikalia. Zamu yetu imefika. Jumatano, baada ya alasiri.

*

Mkaguzi wa pili alikuwa mtu wa makamo, ndevu zimeingia mvi, amebeba mkoba na futi ya kukunjua. Sulaiyim alimpokea mlangoni pa majlisi. Hakukuwa na mito wala busati. Zayana hakuniruhusu kuleta hata birika. Alikuwa amesimama katikati ya chumba kile kitupu, amevaa baibui, uso wazi, mikono ameishika mbele.

Yule bwana alipomwona akatazama chini.

"Habari za hapa?" akaiuliza ile sakafu.

Sulaiyim akafungua mdomo. Nikajua kitakachotoka, ni kile alichofundishwa na baba yake. Zayana akamtangulia.

"Mbaya," akasema. "Mama yangu amekufa, nyumba imeharibika. Za kwenu?"

Bwana yule hakuwa amejibiwa hivyo maishani mwake, ilionekana. Alitafuta pa kuweka mkoba, akauacha mkononi.

"Mungu amrehemu," akasema. "Basi labda tukae kwanza, dada. Tupumzike kidogo."

"Kahawa ni baadaye. Kwanza mlango." Akanigeukia. "Wifi, ufunguo."

Nilikuwa nimeushika tangu tulipovuka wadi, umepata joto la mkono. Nikaupachika. Uligeuka bila taabu, lakini mlango haukwenda. Mbao ilikuwa imevimba kwa maji, kisha imekauka imejikunja ndani ya fremu yake. Nikasukuma, nikasukuma tena. Sulaiyim akaja, akaweka bega. Yule bwana alisimama nyuma akiwa bado anatazama chini, kisha akaweka mkoba wake juu ya vigae, akakunja mikono ya kanzu, akaja naye akaweka bega lake kando ya la mume wangu.

"Kwa pamoja," akasema. "Bismillahi."

Mara ya kwanza mbao ililia tu. Mara ya pili ikaachia kwa juu. Mara ya tatu tope lililokaukia chini likapasuka, na mlango ukafunguka kiasi cha mtu mmoja kupita.

Harufu ilitoka kwanza. Kisha mwanga wa dirisha la mashariki ukatuonyesha mpaka mwisho: ukumbi, kamba ya nguo, mlango wa chumba cha Bibi Moza uko wazi, kitanda kimekaa upande, na chini yake fimbo imeshikwa na tope kama mizizi. Mstari ulikuwepo. Hakuna aliyeugusa. Ulitoka kwenye ukuta wa karibu yetu ukaenda ukumbini, ukaingia chumbani, ukapita juu ya kitanda kile bila kupanda wala kushuka.

Mkaguzi alikuwa amekwisha kukunjua futi yake. Lakini alipofika kizingitini akasita, kama yule kijana wa kwanza, akageuza uso pembeni.

"Kuna familia ndani?" akauliza.

Zayana alisogea akampisha.

"Ingia, ndugu yangu," akasema. "Ndani hamna mtu."